Mtu wa Baiskeli na Karatasi ya Kumalizana

Kwa miaka ishirini na saba niliuza bima za magari hapa Tarime, na miaka yote hiyo nilikwenda kazini kwa baiskeli. Nalisema hili mapema ili anayetaka kunicheka anicheke sasa, tuendelee.

Juzi mmoja wenu, kijana anayepeleka maziwa mjini kutoka Nyarero, alinisimamisha njiani. Madumu mawili nyuma, moja limening'inia kwenye usukani.

"Shikamoo mzee. Hivi na sisi watu wa baiskeli tunatakiwa kuwa na bima, ama hiyo ni ya wenye magari tu?"

Nikamwambia awahishe maziwa, jibu ni refu. Jibu lenyewe ni hili, na msitegemee nilipange vizuri. Kupanga maneno vizuri ndiko kulikoniponza.

Kwanza sheria. Baiskeli haikatiwi stika. Mwenye chombo cha moto, kuanzia pikipiki hadi lori, ndiye anayelazimishwa kukata bima, na ile ya chini kabisa inaitwa bima ya mtu wa tatu. Watu wengi niliowauzia hawakujua huyo mtu wa tatu ni nani. Wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni wewe, uliyekuwa unakwenda zako karashani kusaga mawe ya dhahabu, chakula chako kimefungwa kwenye keria. Bima ile amelipa mwenzako, lakini ndani yake umo wewe. Ajabu ni kwamba mwenye gari anaijua stika yake hata rangi, na wewe uliyemo ndani hujui kama umo.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Adhiambo, Mjaluo wa Shirati, karani mkuu wa madai katika ofisi yetu. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na hakuna mtu aliyewahi kumdanganya mara mbili. Wiki yangu ya kwanza alinituma kukagua gari lililogonga ukuta wa mtu. Nikarudi na ripoti ya kurasa nne. Nilieleza hata mawingu. Akaisoma yote, akavua miwani.

"Nyamhanga, wewe unaandika kama katekista. Ukuta ulivunjika wapi?"

Hilo sikuwa nimeliandika.

"Sikiliza," akasema. "Ajali ina ukweli kwa saa moja. Baada ya hapo inakuwa hadithi. Wewe kazi yako ni ile saa moja. Pima, chora, andika namba ya gari, andika majina ya walioona. Mapambo peleka kanisani."

Nikajifunza kupima kwa hatua, kwa sababu kamba ya ofisi ilikuwa imeibwa. Nilijifunza kwamba alama ya breki kwenye barabara ya changarawe inafutika ng'ombe wakipita mara moja, na huku kwetu ng'ombe hawasubiri polisi. Mapambo sikuyaacha. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mtu mwenye mwandiko mzuri hapa anaitwa kila mahali: barua za posa, hati za mashamba, risala za kumuaga mwalimu. Nilikuwa napenda kuitwa.

Usidhani mtu wa baiskeli ni wa kugongwa tu. Kule Kenyamonta, upande wa Serengeti, kulikuwa na mwalimu aliyeendesha baiskeli isiyo na breki. Breki yake ilikuwa soli ya kiatu, anaikandamiza kwenye gurudumu la mbele. Siku ya mvua akateremka na soli ikateleza, akaingia ubavuni mwa dume la ng'ombe lililosimama katikati ya njia. Mwalimu alivunjika kidole, gurudumu likapinda likawa kama chapati. Dume liligeuza shingo, likamtazama, likaendelea kula majani.

Mwenye dume akaja juu. Akasema ng'ombe wake ameumia moyoni, hatapanda tena majike. Mwalimu akanitafuta mimi, maana aliwahi kunisikia nikihubiri bima shuleni kwao.

"Si ulisema bima inalipa ajali?"

"Ya nani? Wewe umekata wapi?"

"Nilifikiri ukishasikiliza inatosha."

Shauri lile lilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, likafa siku dume lilipoonekana likifanya kazi yake mbele ya mashahidi. Nawasimulia kwa kicheko, lakini badala ya dume angekuwa ni bibi na mtungi wake kichwani, mwalimu angejibu kwa mali yake mwenyewe. Mtu wa baiskeli akimuumiza mwenzake kwa uzembe anashitakiwa na anadaiwa kama mwingine yeyote. Breki ya kweli na kengele ndiyo bima yako ya kwanza, na hiyo inauzwa kwa fundi, haiuzwi ofisini kwetu.

Sasa nifike kwa Masanja, kwa sababu ndiye niliyekusudia tangu mwanzo na nimekuwa nikimzungukazunguka.

Masanja ni Msukuma. Alikuja Tarime kutafuta dhahabu kama wengi walivyokuja, akakosa dhahabu akapata kazi ya karasha upande wa Kemambo. Alipanga chumba, na kila asubuhi aliendesha baiskeli kwenda kazini, jioni akirudi mweupe kwa vumbi la mawe. Mtu wa maneno machache. Kusoma hajui, na hakulificha hilo.

Asubuhi moja lori la mchanga likamgonga kwenye mteremko wa Kemambo. Lilitoka nyuma, likataka kumpita mahali ambapo hata mbuzi wawili hawapitani. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti, mahali pawili. Dereva na mwenye lori alikuwa mtu mmoja: Chacha, mtoto wa dada yangu. Na stika iliyokuwa kwenye kioo cha lori lile nilikuwa nimeibandika mimi mwenyewe kwa kidole changu.

Nilipigiwa simu nikafika kwa baiskeli, jua limeshapanda. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri, yaani kimeharibika. Lori limesogezwa pembeni ili ng'ombe wapite. Baiskeli imeegemezwa kwenye uzio wa mtu. Damu imefukiwa udongo, maana wazee walisema damu ya mtu haiachwi ikanyagwe na mifugo. Masanja alikuwa ameshapakiwa kwenye pikipiki kwenda zahanati, bila fomu ya polisi, bila polisi kujua lolote. Saa moja ya Mama Adhiambo ilikuwa imeisha.

Hapo wakala wa bima angesema: pigeni simu kituoni, msiguse tena kitu, na wewe Chacha usikubali wala usikatae jambo lolote mpaka kampuni ijue. Maneno hayo nilikuwa nayajua kwa moyo, yameandikwa nyuma ya kila hati niliyouza. Sikuyasema. Niliyekuwa pale alikuwa mjomba wa Chacha, na Chacha alikuwa amekaa chini ananitazama mimi.

Kwetu jambo kama lile linamalizwa na watu. Baada ya siku kumi na nne wazee waliitisha ritongo, baraza letu la kusikiliza mashauri. Masanja akaletwa, mguu ndani ya plasta. Mzee aliyeongoza baraza alisimama, mkongojo mkononi.

"Huyu kijana hana ukoo hapa," akasema. "Hana baba wa kumsemea. Basi leo sisi ndio ukoo wake. Mura, kijana wetu Chacha, simama. Umemvunja mtu mguu. Unasema nini?"

"Nimekosa, tata, baba yangu. Namwomba anisamehe."

Chacha akatoa mtamba mmoja, mweusi, mzuri kwelikweli, na mbuzi wa kuchinjwa pale pale. Masanja ni Msukuma, ng'ombe anamjua. Alimtazama mtamba kwa muda, akasema amesamehe. Mbuzi akaliwa na pande zote mbili, na kwetu nyama ikishaliwa pamoja neno limezikwa. Anayelifufua ndiye mkosaji mpya. Sitaki mkafikiri wale wazee walimdhulumu. Nimehudhuria mabaraza mengi, na lile lilikuwa la haki kuliko mengi niliyoyaona mahakamani.

Kisha mzee akanigeukia. "Nyamhanga, wewe ni mtu wa ofisi. Tuandikie."

Nikaandika. Nilieleza ajali, nikaeleza mtamba na rangi yake, nikaeleza msamaha, nakala mbili, moja ya kila upande. Ilibaki nafasi ya mistari miwili chini ya ukurasa, na mimi ukurasa wenye nafasi ulikuwa unaniwasha. Nikaongeza: "Na mimi Masanja sitadai kitu kingine chochote, kwa mtu yeyote wala chombo chochote, mahali popote, sasa na hata milele." Hakuna aliyesema maneno hayo. Niliyaweka kwa sababu yalifunga ukurasa vizuri.

Sikumsomea. Nikamshika mkono, nikachovya dole gumba lake kwenye wino, nikalikandamiza. Wazee wakasifu mwandiko.

Mfupa ukaunga vibaya. Miezi michache baadaye daktari akamwambia mguu unaanza kushika ukiwa umepinda, na kwamba kuna upasuaji wa kuunyoosha hospitali kubwa ya Mwanza, lakini ufanyike upesi. Kila wiki inayopita mfupa unakomaa na kupinda kwake. Masanja hakuwa na uwezo huo hata kama angeuza mtamba na ndama atakayemzaa. Muuguzi ndiye aliyemuuliza: lori lililokugonga halikuwa na bima?

Akaenda kwa Rhobi. Rhobi ni msaidizi wa kisheria, binti wa hapa hapa, ana chumba kimoja karibu na stendi chenye benchi na kabati lisilofungika. Vijana, watu kama yeye wapo, na kumuona hakuhitaji uwe na wakili. Alimpeleka Chacha polisi kwa miguu yake mwenyewe kueleza ajali, na kwa heshima ya mpwa wangu niseme hakubisha hata neno moja. Fomu zikapatikana, kwa kuchelewa. Kisha Rhobi akaja ofisini kwetu na Masanja akiwa na magongo, wakaweka madai mezani.

Kampuni ikamwuliza Chacha kama ana maelezo. Chacha akatoa ile karatasi. Aliniambia baadaye, "Mjomba, nilifikiri itanipa sifa kwamba nilimtendea vizuri."

Jibu la kampuni lilikuwa fupi. Mdai alishamalizana na mhusika kwa maandishi, na ametamka kwamba hatadai popote. Madai yamefungwa.

Mama Adhiambo alilifungua faili lile mezani kwake, akaniita. Hakuniuliza nani aliandika. Mwandiko wangu aliujua kuliko mke wangu.

"Haya maneno ya milele," akasema, "yule mtu alisema, ama ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi kaseme."

Akalifunga faili, akaendelea na kazi. Rhobi naye alikuja, bila kujua anaongea na nani; Masanja alikuwa amemwambia tu kwamba aliandikiwa na mzee mmoja barazani. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu aliyekuwepo barazani, aape kwamba maneno yale hayakutamkwa na wala hayakusomwa. Wazee wenyewe hawakujua nini kimeandikwa, wasingeweza kuapa kwamba kimeongezwa. Wao walisifu mwandiko. Nikamwambia nitafikiri nani anaweza kusaidia.

Nilifikiri kwa wiki tisa.

Nilikuwa na sababu tatu. Ya kwanza, nilibakiza mwaka na nusu kustaafu, na wakala anayeandika karatasi ya kumaliza madai nyuma ya kampuni yake hafiki huko. Ya pili, Chacha ni damu yangu, na sikujua kampuni ingemfanya nini. Ya tatu, nyama ilishaliwa, nami nitaonekana nafukua kilichozikwa. Baadaye watu niliwatajia ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na heshima. Ya kweli ilikuwa ya kwanza.

Kilichonitoa si ujasiri. Asubuhi moja nilikuwa napandisha kilima, nimeshuka naikokota baiskeli, nikaona mtu anakuja kinyume changu. Alikuwa amekalia baiskeli, mguu wa kulia umefungwa kwenye fremu kwa mpira wa ndani, anapiga pedali kwa mguu mmoja. Pedali ikifika chini anaivuta juu kwa kisigino, kisha anaikanyaga tena. Alikuwa anakwenda karashani, wamempa kazi ya kukaa na kuhesabu viroba. Akasimama kwa kuegemea ukingo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Masanja. Hali?"

"Nzuri tu. Ile karatasi uliyoniandikia ninayo, nimeiweka kwenye nailoni isilowe." Akatabasamu. "Ilikuwa kazi nzuri, mzee. Sijawahi kuandikiwa kitu."

Hakuwa ananisuta. Rhobi alimweleza kwamba karatasi ndiyo iliyomfunga, lakini yeye aliamini maneno yale yametoka kwa kampuni, yameingizwa huko huko ofisini kwenye nakala ya Chacha, kwa hiyo ya kwake hakumwonyesha mtu. Hakuweza kudhani yalitoka kwangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na sitaki kuipamba.

Nilikwenda kwanza kwa yule mzee wa baraza. Nikamwambia nilichoandika, na ninachotaka kwenda kusema. Nilitegemea angenikataza, moyoni niliomba anikataze. Akasafisha koo.

"Nyama tuliyokula ilizika ugomvi," akasema. "Haikuzika mguu wa mtu. Nenda."

Nikaapa mbele ya wakili, Rhobi akiwa pembeni. Hapo ndipo alipogundua ni mwandiko wangu. Aliniangalia tu, kisha akaendelea kuandika. Chacha naye akaongeza kiapo chake. Kampuni ilivutana nasi kidogo, ikalipa upasuaji wa Mwanza na muda aliokosa kazi. Mimi nilipewa likizo, halafu barua ya kuachishwa kazi. Siku ya mwisho Mama Adhiambo alinitengenezea chai yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Mguu ulinyooshwa, ila si wote. Daktari wa Mwanza aliniambia, nilipokwenda kumwona mgonjwa, kwamba wangemleta miezi miwili mapema angetembea kama zamani. Sasa mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa vidole viwili. Wiki zangu tisa zimo mle ndani, na anatembea nazo.

Basi, wewe wa maziwa, jibu lako. Baiskeli haihitaji bima. Wewe unaihitaji, na nusu yake unayo tayari: ni ile iliyobandikwa kwenye kioo cha anayekugonga. Siku hizi hata kuihakiki ni kwa simu, unaingiza namba ya gari unajua kama stika ni hai. Ila itakufaa tu kama gari halitasogezwa kabla ya kupimwa, kama utapita polisi kuchukua fomu kabla ya hospitali au mtu akuchukulie, na kama hutaweka dole gumba kwenye kitu usichosomewa. Nusu ya pili ni ya kukata mwenyewe. Ipo bima ya ajali ya mtu binafsi, haiangalii ulikuwa juu ya nini wala nani mwenye kosa. Inakufaa siku uliyoteleza peke yako, au aliyekugonga akakimbia kuvuka mpaka wa Sirari. Mkiwa kikundi, wa karasha au wa maziwa, mtaipata kwa nafuu. Niliiuza miaka ishirini na saba na walionunua nawakumbuka kwa majina, ndio uchache wao. Mimi mwenyewe simo kwenye orodha hiyo.

Na ritongo msiliache. Chukueni mtamba, kuleni mbuzi, sameheaneni. Lakini karatasi iseme tumesameheana, iishie hapo. Ikibaki nafasi chini ya ukurasa, piga mstari.

Mwezi uliopita Masanja alikuja nyumbani. Yule mtamba mweusi amezaa, na wa kwake wamezaa, naye ameuza wawili ili anunue kipande cha shamba huku huku kwetu. Muuzaji alikuwa naye, na mashahidi wawili. Walitaka mtu wa kuwaandikia hati.

Nikawaambia mjini kuna vijana wenye kompyuta, na kwamba Rhobi angewafanyia vizuri zaidi. Masanja alishajua zamani maneno ya milele yalitoka wapi. Kiapo changu alisomewa chote, wodini.

"Hapana," akasema, anajishusha kwenye kiti, mguu mfupi mbele. "Andika wewe, mzee. Mwandiko wako naupenda." Akachomoa kikopo cha wino wa dole gumba kutoka mfukoni, akakiweka mezani, akakizuia kwa kiganja. "Ila leo utanisomea."

Nikaandika mistari minane. Chini ikabaki nafasi, nikapiga mstari. Nikamsomea neno kwa neno, na nilipomaliza alisema nirudie.

Nikarudia. Ndipo akaondoa kiganja juu ya wino.